Maji Yaliyofunguliwa Kiangazi

Mkitaka kujua kama mto wa mchanga una maji, msiutazame. Kutazama ni kwa Tana. Huku kwetu Machakos mto kwa miezi mingi ni barabara ya mchanga tu, mbuzi wanaivuka bila kulowa kwato, na chini ya kwato hizo maji yamelala. Nimefanya kazi na maji hayo yaliyolala tangu nikiwa kijana wa suruali pana, mwanzoni mwa miaka ya tisini, hadi nilipopewa saa ya ukutani na kuambiwa kwaheri. Sasa nyinyi mnaoingia ofisi za maji mmeniomba niwaandikie niliyojifunza. Nitawaandikia. Ila kama mlitaka maneno matamu ya mzee aliyeridhika, tafuteni mwingine, maana mimi sikuridhika na sitajifanya.

Kabla ya kompyuta kuna chuma. Ni nondo ndefu iliyochongwa ncha. Unaisimamisha katikati ya mto na kuigonga kwa nyundo mpaka ikatae kwenda. Ikigonga mwamba inalia, na viganja vyako vinawasha. Ikifika kwenye udongo wa mfinyanzi inanyamaza, na ukiichomoa ncha inatoka na utelezi. Utelezi huo ni habari njema, kwa sababu chini kuna sakafu na maji hayatavuja kwenda zake. Aliyenifundisha ni Bwana Makau, fundi wa visima wa ofisi yetu, mtu mfupi mwenye sauti kubwa ambaye hakuwahi kunisifu. Nikimwambia mchanga hapa una kina cha mita mbili, ananiuliza, "Umeona ama umedhani?" Nikisema nimedhani, ananirudishia nyundo.

Kupima kina cha maji nako kuna adabu zake. Kifaa chetu kilikuwa utepe uliofungwa kipande cha bomba chenye tumbo wazi. Ukikishusha kisimani, kikigusa maji kinasema "pwo," nawe unasoma utepe. Vitabu vyenu havitawaambia kwamba kwenye kisima cha mchangani huwezi kufika tu na kuteremsha chuma chako ndani ya maji ya watu. Unasalimia. Unaulizwa wewe ni mtoto wa nani. Unamchotea maji mama aliye mkubwa kuliko wote waliopo, ndipo unapima. Basi nikishachota, maji yameshuka, na namba niliyoandika si ya kisima tena, ni ya malezi yangu mazuri. Tulihangaika na namba hizo za malezi mazuri mpaka Bwana Makau akaamua tuzike mabomba yetu wenyewe kando, ya plastiki, yasiyochotwa na mtu. Nawaachia hilo kama urithi: adabu mpeni mama, namba ichukueni kwenye bomba.

Halafu ikaja kompyuta. Ililetwa na mradi wa wafadhili, pamoja na kozi ya wiki chache huko Nairobi, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa kijana ofisini nikatumwa. Nilirudi na modeli ndani ya disketi nne. Niwaeleze modeli kwa namna nilivyomweleza Bwana Makau, kwa sababu nimeona hata nyinyi wenye digrii mnaitaja bila kuielewa. Unaukata mto vipande vipande kama mkate. Kila kipande unakiambia mchanga wake una kina gani, unapitisha maji kwa kasi gani, jua linakunywa kiasi gani na watu wanachota kiasi gani. Kisha unaachilia mvua juu, na kila kipande kinampa jirani yake maji kinayoshindwa kuyashika. Mwisho unaulizia: je, kiangazi, kule mwisho wa mto, maji yatakuwa kina gani kutoka juu ya mchanga? Ni kama mtoto unayemtuma dukani. Atakuletea ulichomtuma, si ulichokuwa unataka.

Mimi wa kwanza nilimtuma vibaya. Modeli yangu ya kwanza ilikuwa ya kijito kimoja upande wa Kithyoko. Nilichukua vimo vya ardhi kutoka kwenye ramani mbili, moja mpya iliyo kwa mita na moja ya enzi za mkoloni iliyo kwa futi, na nikazichanganya kama mahindi na maharage ya githeri. Kompyuta ikafikiri mchana kutwa. Jioni ikasema maji ya chini ya ardhi Kithyoko yako juu ya mapaa ya maduka. Bwana Makau aliitazama ile karatasi kwa utulivu kabisa. Akasema basi tuwahi kuwapelekea wale watu mitumbwi. Alinitania kwa hilo hadi anastaafu, na kila mara mtu akisema anatoka Kithyoko alimuuliza kama anajua kuogelea.

Hayo ndiyo ya kucheka. Sasa niwaambie habari ya Nduku.

Mto wenyewe siutaji, kwa sababu walioharibu wana watoto na watoto hawana makosa. Juu, upande wa milimani, palikuwa na bwawa dogo lenye lango la chuma. Chini kabisa, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu, palikuwa na soko na shule, na kwenye ukingo wa mto kisima chenye pampu ya mkono. Kisima hicho kilichimbwa na kikundi cha mwethya, yaani wale wanaosaidiana kazi kwa zamu leo kwangu kesho kwako, na mwenyekiti wao alikuwa mjane aitwaye Nduku. Kila kiangazi kisima kilikauka. Wanawake wakapanda na punda hadi bwawani na kurudi, na siku ya maji ikawa siku isiyo na kazi nyingine. Nduku ndiye aliyekuja ofisini kwetu, akaketi kwenye benchi bila kuitwa, na kusema haondoki mpaka mtu amweleze kwa nini bwawa lina maji na kisima chake hakina.

Niliiuliza modeli. Niliiambia: fungua lango mwezi wa tisa, wakati watu wana kiu. Ikafungua, na maji yakafia njiani, hayakufika hata nusu ya safari. Nikaiambia: fungua wakati wa mvua, mto ukiwa tayari umelowa na hakuna mtu anayelilia maji. Maji yakafika sokoni na kuujaza mchanga mpaka ukingoni. Nikadhani nimekosea tena kama Kithyoko. Nikapitia namba zote, nikamwita Bwana Makau, naye akaenda kugonga nondo upya sehemu alizozishuku. Hapakuwa na kosa. Mchanga mkavu ni mchoyo, unakunywa kwanza wenyewe. Mchanga uliolowa unapitisha. Na maji yakishaingia chini ya mchanga jua haliyapati, ilhali yale ya bwawani yanapungua kila siku yakitazamwa. Kwa hiyo ukitaka mtu wa chini anywe mwezi wa tisa, mfungulie mvua inaponyesha, na uache bwawa libaki karibu tupu.

Jaribuni kuwaambia watu hivyo. Uwaambie watu wa Ukambani, ambako mtoto anajua neno la njaa kabla ya jina lake la ukoo, kwamba mvua ikinyesha wamwage bwawa lao. Mimi nilijaribu kwenye baraza la kwanza, na chati zangu nimezibandika kwenye ukuta wa darasa. Mzee mmoja akauliza kama serikali imenituma niwaue. Nikaketi.

Nduku, niliyekwisha kumweleza yote pale ofisini, akasimama. Alikuwa amekuja na makopo mawili ya mafuta ya kupikia, yote ameyatoboa chini kwa msumari. Moja alilijaza mchanga mkavu, jingine mchanga aliokwisha kuulowesha. Akamwaga kikombe cha maji katika kila kopo na kuyainua watu waone. Lile kavu halikutoa hata tone. Lile bichi likaanza kudondosha, na mama mmoja akakinga kiganja. Hakusema lolote kuhusu kompyuta. Aliwaambia kwa Kikamba kwamba mto ni huu, na kwamba yeye anaomba wakati wa kopo bichi, si wakati wa kopo kavu, na akaongeza kwamba kisima kikikauka kiangazi kijacho wamlaumu yeye, Nduku, wasimlaumu kijana huyu wa ofisi. Watu wakacheka, wakakubali.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zikaja, tukafungua lango nyuma ya mafuriko, mchanga ukiwa bado umelowa. Mwaka uliofuata kisima hakikukauka. Nataka mlielewe hilo vizuri. Hakikukauka. Mwezi wa tisa, wakati ambapo kwa kawaida wanawake wale walikuwa njiani na punda, niliwakuta wamekaa pale sokoni wakisuka vyondo na kubishana. Nilipima bomba langu, "pwo," na namba ilikuwa karibu sana na ile ya modeli. Mwaitu Nduku, ndivyo nilivyomwita, maana yake mama, alinipa uji na kuniuliza, "Sasa hiyo kompyuta yako inakunywanga nini?" Nikamwambia inakunywa umeme, na umeme wenyewe unakatika. Sijawahi kuwa na furaha kazini kama ya siku ile, na ndiyo sababu yaliyofuata yaliniumiza hivyo.

Bwawa, mnaona, lilionekana tupu. Maji yalikuwa chini ya mchanga, mahali pasipopigwa picha. Palikuwa na mheshimiwa mmoja wa eneo lile aliyekuwa akijiandaa kuomba kura, akapita barabara ya juu, akaona bwawa tupu, akatangaza kwamba maofisa wa maji wanamwaga maji ya wananchi wakati wa mvua. Mvua ndefu zilipofika ikaja amri ofisini: lango lisifunguliwe, bwawa lijae. Nilimwendea mkubwa wangu na karatasi zote. Alikuwa mtu mwerevu, aliielewa modeli kuliko nilivyotaka aielewe. Akazisukuma karatasi kurudi upande wangu na kusema, "Mutisya, maji yanayoonekana ndiyo maji."

Nduku naye alikuja. Alikuja mara nyingi, mvua ikinyesha, gauni limelowa hadi magotini, akasema hili ndilo kopo bichi, fungueni sasa. Nilimpeleka kwa mkubwa mwenyewe. Alipewa chai. Mvua ikaisha na bwawa likawa limejaa pomoni, linang'aa, na watu walikwenda Jumapili kulitazama.

Mwezi wa nane kisima kikaanza kutapika matope. Ikatangazwa kwamba mheshimiwa amesikia kilio cha watu na atakuja mwenyewe kuwafungulia maji. Mtu aliyefunga lango ndiye aliyekuja kulifungua, na alikuja na maturubai, spika na mwandishi wa gazeti. Niliamriwa niwepo na ramani yangu. Baraza lilifanyika bwawani, na watu wa chini waliletwa kwa malori. Nilipopewa nafasi ya kueleza ramani nilieleza ukweli: kwamba mto umekauka kabisa, kwamba maji haya hayatafika sokoni, na kwamba afadhali yabaki yachotwe kwa malori yaleyale yaliyoleta watu. Spika ikazimwa kabla sijamaliza. Mkubwa wangu akanishika bega, nikakaa.

Ndipo Nduku aliposimama bila spika. Akasema, "Mheshimiwa, sisi watu ya chini tunajua hiyo maji haitatufikia. Itakunywewa na mchanga. Wacha tubebe na lori." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwambia jirani kwamba mbuzi wake ameingia shambani.

Mheshimiwa hakukasirika. Alitabasamu, akamwita "mama yangu," halafu akawageukia watu. "Mgonjwa haulizwi uji," alisema. "Mimi siwezi kufungia watu wangu maji ati kwa sababu ya kompyuta." Wakampigia makofi, na waliopiga zaidi ni wale wa chini. Kikundi cha Nduku mwenyewe kilipiga makofi. Niliwatazama mmoja mmoja, wanawake waliokunywa maji ya kopo bichi mwaka mzima, nikawachukia. Nasema wazi kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Kiu ni kiu, najua, lakini makofi hayakuwa ya lazima.

Lango likafunguliwa. Kama hamjawahi kuona maji yakiingia kwenye mto mkavu, ni jambo la kupendeza sana, na hilo ndilo linaloudhi. Mbele ya maji kuna ulimi wa povu, majani, vijiti na mavi ya mbuzi, unasogea ukinguruma kidogo, na watoto wanakimbia mbele yake wakipiga kelele. Mimi nilitembea kando yake. Mwanzo nilihitaji kuharakisha. Baada ya kona ya pili nilikuwa natembea kama mtu anayekwenda kanisani mapema. Baada ya daraja watoto walichoka kusubiri wakaenda zao. Ulimi ukawa unasogea kama kobe, unasimama, unafikiri, unasogea tena. Mchanga ulikuwa unatoa vipovu vidogo, hewa ikitoka na maji yakiingia. Chini kidogo ya hapo pana mwamba mweusi ambapo wanawake hufua. Povu lilifika kwenye mwamba, likabaki pale, na nilipogusa mchanga mbele yake ulikuwa wa moto.

Nilikwenda kwa miguu hadi sokoni. Watu waliorudishwa na malori walikuwa wamejipanga mtoni na majerikeni, wameimba tangu mchana, wamechimba mashimo mapya ya kupokea maji. Na Nduku alikuwemo. Yeye aliyesema hayatafika, alikuwa ndani ya shimo na jembe, anachimba pamoja nao. Nilimuuliza kwa nini. Akasema mwenyekiti hawezi kukaa kivulini watu wake wakichimba. Nikawaambia maji yameishia kwenye mwamba wa kufulia. Wakaendelea kusubiri hadi giza, kisha wakachukua majerikeni matupu wakaenda.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo elimu yangu yote ilipofika mwisho. Nilidhani watu watasema: kumbe yule mama alikuwa anajua. Nilikuwa nimeandaa hata maneno ya kuwatuliza wasimkasirikie mheshimiwa kupita kiasi. Wiki iliyofuata kikundi kiliitisha mkutano pale kisimani, nikaenda. Mama mmoja aliyekuwa rafiki wa Nduku, aliyechimba naye kile kisima, alisimama na kusema, "Alisema haitafika. Na haikufika. Sasa nani aliizuia?"

Niliona neno lile likiingia na kupata mahali pa kukaa. Kwao kinywa cha mtu kina nguvu. Mtu hasemi jambo baya mbele ya watu na kulitaja kwa jina, lisije likasikia likaja, na Nduku alikuwa amelisema mbele ya umati, mbele ya mgeni, kabla maji hayajatoka. Tena kwenye baraza lile la kwanza yeye mwenyewe alisema kisima kikikauka alaumiwe yeye. Nilisimama nikaeleza mchanga, nikaeleza jua, nikaeleza lango lililofungwa wakati wa mvua. Nilieleza vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Mzee mmoja aliniambia kwa upole kwamba wananiheshimu, ila mimi ni mtu wa ofisi na haya ni mambo ya nyumbani. Wakamwondoa uenyekiti. Baadaye wakamwondoa kwenye mwethya kabisa, na mjane asiye na mwethya hana wa kumlimia, hana wa kumjengea, hana wa kumbeba akiugua. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimeona mheshimiwa akibaki juu amepigwa picha, na mama wa watu akatumbukia.

Mheshimiwa alipata kura zake. Kompyuta yangu ilihamishiwa chumba cha masjala, ikawa inachapa kadi za harusi na za michango. Nduku akauza mbuzi wake kwa wafanyabiashara wa Kisomali wanaokuja mnadani, akafunga nyumba, akaenda kuishi na binti yake Mwende huko Kinanie. Mwende alikuwa akifanya kazi ya kushona kiwandani Athi River, na alikuwa na kiploti chenye vyumba viwili vya mabati. Mama aliyekuwa amechimba kisima cha soko zima akawa ananunua maji kwa jerikeni kutoka kwa mwenye mkokoteni.

Miaka ikapita. Mheshimiwa mwingine, mkubwa mwingine, wafadhili wengine. Wakaja vijana kama nyinyi na modeli mpya yenye rangi, mto unaonekana wa bluu na nyekundu, na wakaomba namba za mabomba yangu ya zamani. Nikawapa zote. Walifanya kazi nzuri, siwabezi. Modeli yao ikasema lango lifunguliwe wakati wa mvua. Safari hii likafunguliwa, na likafunguliwa tena mwaka uliofuata, na kisima kikajaa. Pakawekwa jiwe lenye majina ya waliofanikisha. Nililisoma lote, pande zote mbili.

Nilikwenda Kinanie kumwambia. Alikuwa amezeeka ghafla, miguu imevimba, lakini aliponiona alinitania kwamba nimekuwa na tumbo la serikali. Tulikaa nje kwenye vumbi la malori ya mawe. Nikamweleza yote. Akaniuliza, "Kisima imejaa?"

"Imejaa, Mwaitu. Hata mwezi wa tisa."

"Wanafungua wakati gani?"

"Wakati wa mvua. Kopo bichi."

Akatikisa kichwa polepole, akapangusa magoti yake. Kisha akauliza jambo nililokuwa nikiliogopa njia nzima. "Wananitaja?"

Ningeweza kumdanganya. Mwende alikuwa amesimama mlangoni nyuma yake, ananitazama kwa macho ya kuniomba nimdanganye. Nikamwambia, "Hawakutaji."

"Ni sawa," akasema. "Mtu akikunywa maji hawezi taja mtu. Wakunywe tu. Lakini Mutisya, mimi nikikufa, hapa ndio nizikwe. Hiyo nyumba ya kule msinipeleke. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Akamwita Mwende aje asikie naye, akarudia tena, neno kwa neno.

Alifariki mvua za vuli zilipoanza. Niliitwa, nikaenda. Siku moja kabla ya maziko likaja gari kutoka kule chini, limejaa watu: shemeji yake, mwenyekiti wa sasa wa kikundi, yule rafiki yake aliyeuliza nani alizuia maji, na wengine ninaowafahamu sura. Walikuwa wamevaa vizuri. Walikuwa wamechanga. Walisema mke wa watu hazikwi kwenye ploti ya mjini, kwamba wamekwisha kumchagulia mahali karibu na kisima, na kwamba kaburi litawekwa vigae na jina lake. Mwenyekiti alilia, na naamini alilia kweli. Mwende alinyoosha mkono kunionyesha mimi, akasema huyu alikuwepo, muulizeni.

Wakaniuliza. Nikawaambia alisema azikwe Kinanie. Shemeji akaniuliza kwa heshima, akaniita injinia, kama hakuna namna ninavyoweza kusema kwamba mgonjwa alikuwa amechanganyikiwa siku zile, ili wazee waelewane. Nikamwambia hakuwa amechanganyikiwa. Akauliza kama labda alibadilisha nia mwishoni. Nikasema hakubadilisha.

Tulimzika pale, nyuma ya vyumba vya mabati. Wale wa chini walikuwa wamekuja na majerikeni ya maji ya kisima, kwa ajili ya kukorogea simiti ya kaburi, wakaomba angalau hayo yapokelewe. Mwende aliyatazama, akaenda barabarani akamwita mwenye mkokoteni, akanunua maji yake. Wale watu walisimama kando mpaka tulipomaliza kufunika. Kisha wakayapandisha majerikeni yao garini, yakiwa yamejaa, wakarudi nayo.